Nilikata Utepe wa Medali ya Babu Mkwe

Nimekosa, jamani, nimekosa! Na ubaya ni kwamba nikikumbuka nacheka mpaka mbavu zinauma, halafu aibu inanishika, halafu nacheka tena.

Mama mkwe alitoka Kenya kututembelea hapa Richfield, Amerika. Kwenye leso alikuwa amefunga medali ya fedha ya marehemu baba yake. Mzee alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza. Walipopigana na Waitaliano kule Uhabeshi aliwaburuta wenzake majeruhi mpaka salama huku risasi zikilia, mfalme wa Uingereza akamtunuku. Medali ile ilikuwa ya askari Waafrika tu, waliopewa ni wachache mno, na kabla vita havijaisha wakaacha kuitoa!

Ungeiona! Upande mmoja kichwa cha mfalme, upande wa pili maneno ya kusifu ushujaa vitani, na ukingoni jina la mzee limechongwa. Utepe wake buluu iliyokoza, katikati mstari wa kijani uliobanwa na mistari myekundu.

Mama alitaka kumwachia binti yetu, Neema.

Basi ikafika harusi ya Wakenya wenzetu, hotelini Bloomington. Gauni langu jekundu! Mama akiwa kwa jirani, nikaichukua medali bila kuomba. Ilikuwa imefifia, nikaisugua kwa dawa ya meno. Ikang'aa kama sufuria mpya! Utepe naona umechakaa, nikaukata, nikautupa, nikashona mwingine wa zawadi, mwekundu wenye buluu katikati. Nikaibandika kifuani.

Woi, nilivyoringa! Kila meza naulizwa, kila meza naongeza chumvi. Kwanza mfalme alimpa mzee mkono. Meza iliyofuata wakakumbatiana. Nilipofika karibu na keki, walikuwa wanakula ugali pamoja.

"Na mboga ilikuwa nini?" sauti ikauliza nyuma yangu.

Mama mkwe! Alikuja na mume wangu, mimi sina habari.

Akaishika medali, akaisogeza machoni. "Mama Neema, pua ya mfalme imekwenda wapi?"

Watu wakacheka. Yeye pia alitaka kucheka, kisha akauona utepe. Uso ukabadilika.

"Wenye nyekundu na buluu ulikuwa wa wazungu," akasema taratibu. "Wa Keya ulikuwa na kijani. Baba alituambia, fedha ni ya mfalme, lakini rangi hizi ni zetu. Uko wapi?"

"Nimeutupa, Mama."

Aki, nilitamani sakafu inimeze!

Tuliondoka kabla ya keki. Nikapanda pipa kubwa la taka nyuma ya nyumba zetu, gauni na viatu virefu, theluji inaanguka, Mama ameshika koti langu. Nikainama, nikateleza, nikaingia kichwa kwanza, miguu juu! Nikasikia Mama anacheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye theluji na kitenge chake.

Utepe niliupata, umepakwa maharage. Akaubusu hivyo hivyo!

Alinisamehe. Lakini aliporudi Kenya, medali ilirudi naye. Akipiga simu ya video huiweka mbele ya kamera: "Neema, mwambie mama yako atazame kwa macho, mikono ibaki Amerika!"

Wenzangu, kitu cha wazee usikisugue, usikikate, usikivae kabla ya kuuliza. Unakiona kimechakaa, kumbe ndivyo wenyewe wanavyokitambua.