Kopo Namba Arobaini na Saba

Kaka yangu Kastori alikuwa mtu wa watu. Hilo silikatai hata leo, pamoja na hasira zangu zote. Msiba ukitokea Mabogini, yeye ndiye wa kwanza kufika na jembe begani. Mtoto wa jirani akilia, atambeba mpaka anyamaze. Ndiyo maana watu walimwamini, na mimi nikamwamini kuliko wote.

Tulizaliwa mlimani, Kibosho, kwenye kihamba cha migomba na kahawa ambacho hakikututosha. Desturi yetu mnaijua: mtoto wa kwanza wa kiume ana sehemu yake, wa mwisho anabaki na nyumba ya baba, na wa katikati atajua mwenyewe. Kastori alikuwa wa katikati. Miaka michache baada ya Uhuru akashuka tambarare, Mabogini, kulima mpunga, na mimi na mume wangu Sirili tukamfuata. Nyumba zetu zilitenganishwa na mfereji mmoja tu. Watoto wetu walikua pamoja, Mektrida wangu na Kalisti wake, na kwa kuwa walipishana miezi mitatu, ukimwita mmoja walikuja wote wawili.

Mwaka 1971 akaja daktari mmoja, Ildefonce, kijana wa kwetu kule juu aliyesoma Ulaya. Alikuwa anafanya utafiti wa kichocho ili apate shahada yake kubwa. Kichocho kwetu kilikuwa jambo la kawaida. Watoto walishinda mifereji ile ile tuliyomwagilia mpunga, wakakojoa damu, na wavulana wakataniana kwamba sasa wamekuwa wakubwa. Daktari alitaka mwenyeji wa kumtembeza nyumba kwa nyumba. Akamchukua Kastori, akamwahidi kwamba kazi ikienda vizuri atamtafutia ajira ya kudumu maabara, mjini. Mae! Ungemwona kaka yangu siku alipovaa koti jeupe! Alitembea katikati ya barabara kana kwamba ameichonga yeye.

Lakini wazazi waligoma. Mkojo wa watoto wetu unapelekwa wapi? Na damu mnayotoa kidoleni, anauziwa nani? Balozi wa nyumba kumi aliitisha mkutano mara mbili, mara zote mbili watu wakasikiliza, wakaitikia kaulimbiu, wakaenda zao kupalilia.

Basi Kastori akapanda mlimani na kurudi na mzigo wa masale. Kwa Mchagga huwezi kucheza na isale. Ni jani la mpakani, la matambiko, na la kuombea radhi. Mtu akikujia na isale mkononi, hata kama amekukosea vibaya, huna mdomo wa kumkatalia. Alipita kila mji akitoa jani kwa mikono miwili. "Hawa ni watoto wangu," alisema. "Wakidhurika, nirudishieni isale langu mbele ya watu." Wazazi wakalegea. Kwangu hakuleta jani tu, alileta mche mzima akauchimbia mlangoni. Mimi nikamcheka, nikamwambia, "Kaka, mimi wa kuletewa isale? Mimi ni mgeni kwako?"

Siku ya kugawa namba, watoto walipangwa mstari mbele ya shule. Kastori alikuwa na brashi na rangi nyekundu, anaandika namba kwenye makopo ya maziwa ya unga, kila mtoto na kopo lake la kuletea mkojo. Daktari alikuwa na mitungi miwili ya vidonge, mmoja umebandikwa karatasi nyeupe, mwingine ya njano. Mtoto mmoja anapewa vya njano, anayefuata vyeupe, anayefuata vya njano, hivyo hivyo mpaka mwisho. Sisi akina mama tulisimama pembeni tunatazama. Kalisti alikuwa mbele ya Mektrida. Ilipokaribia zamu yao, Kastori akainuka, akamshika mwanawe mabega, akamrudisha nyuma hatua moja. "Mektrida atangulie," akasema. "Dada ndiye mkubwa."

Mektrida akapewa kopo namba arobaini na saba, na vidonge vya njano. Kalisti akapewa arobaini na nane. Nilijisikia vizuri mno. Nikamgusa jirani yangu Dafroza kiwiko, nikamwambia, "Umeona kaka? Amemtanguliza wangu mbele ya wake!"

Miezi ikapita. Kalisti akapona kabisa, akawa anarukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Wangu akaendelea na damu, kisha maumivu ya tumbo la chini, mpaka anakaa chini njiani akienda shule. Nikamwambia Kastori nampeleka hospitali mjini. Alibadilika sura. "Usithubutu, Odilia. Ukimpa dawa nyingine utaharibu hesabu ya daktari. Miili haifanani, wake unapokea polepole. Subiri." Nikasubiri. Alikuwa kaka yangu, tena mwenye koti jeupe. Nilisubiri mwaka na nusu, mtoto wangu akikojoa damu kwenye kopo kila Jumatatu, na mimi ndiye niliyemhimiza amalize vidonge vyake.

Daktari akamaliza, akarudi Ulaya. Kastori akapata ajira yake, akahamia mtaa wa Soweto, pale Moshi mjini, nyumba ya matofali. Nilipompeleka Mektrida hospitali hatimaye, alipewa dawa, na damu ikakatika. Nikamshukuru Mungu nikadhani yameisha. Lile kopo nikalichemsha mara tatu, nikawa nawekea mbegu za maharage.

Mektrida alisoma, akajifunza upigaji chapa, akapata kazi ofisini Moshi. Akaolewa mwaka 1980, ndoa ya kanisani. Miaka mitatu bila mtoto. Daktari wa wanawake alimpima akamwambia ana makovu ndani, ya kichocho cha zamani kilichokaa mno bila dawa. Mektrida akabisha, akasema yeye alipewa dawa tangu mwanzo. Mumewe hakutaka kusikia habari za makovu. Alimrudisha kwangu na sanduku lake.

Mwaka uliofuata Kalisti akapata mtoto wa kiume. Kastori akafanya sherehe ya ubatizo pale Soweto, na ingawa sukari ilikuwa haionekani, mbege, pombe yetu ya ndizi, haikukosekana. Watu walipochangamka, akaingia ndani akatoka na kitabu kikubwa kimefungwa kwenye kitambaa. Ulikuwa utafiti wa daktari, nakala aliyotumiwa kutoka Ulaya miaka mingi nyuma. Kaka Kiingereza hakikumpanda, alikitunza tu pamoja na cheti chake cha ndoa. "Mektrida mwanangu," akaita, "wewe ndiye msomi wetu. Watafutie wageni ukurasa wenye jina langu."

Mektrida akafunua mbele, akafunua nyuma. Huko nyuma akakaa muda mrefu. Niliona kidole chake kinateremka kwenye ukurasa, kikasimama. Akafunga kitabu taratibu. "Mjomba, jina lako halimo," akasema. "Wameandika wasaidizi wa kijijini, basi." Watu wakacheka kidogo, wakaacha. Kastori alikizungushia kitambaa chake, akakirudisha ndani. Nilimhurumia! Mimi, nilimhurumia.

Nyumbani ndipo Mektrida aliponiambia. Nyuma ya kitabu kulikuwa na orodha ya namba zote. Wenye vidonge vyeupe walipewa dawa. Wenye vya njano walipewa vidonge vya unga mtupu, ili daktari alinganishe mwenye dawa na asiye nayo. Arobaini na saba, unga. Kila namba isiyogawanyika kwa mbili, unga.

Nilikaa chini. Mwanzoni nilimlaani daktari. Kisha nikauona ule mstari, ule mkono kwenye mabega ya Kalisti, ile hatua moja ya kurudi nyuma. Nikapiga yowe mpaka majirani wakaja.

Sijui nani alimfikishia maneno, ila Jumapili baada ya misa Kastori alikuja. Nilimkaribisha, nikamwekea chai, maana hata hasira ina adabu yake. Alikaa kwenye kigoda ameshika isale. Hakulileta kutoka mlimani. Alilichuma pale pale mlangoni kwangu, kwenye mche alioupanda mwenyewe, ambao sasa ulikuwa umenipita kimo.

"Daktari aliniapisha nisiseme," akaanza. "Aliniahidi baada ya mwaka wote wa njano watapewa dawa. Sikujua kwamba ataondoka tu."

"La daktari nimelisikia," nikasema. "Niambie la mstari."

Akaligeuza isale mkononi.

"Niambie, kaka. Ulijua njano ni unga?"

"Nilijua."

"Ukamvuta Kalisti."

"Odilia," akasema, na machozi yakamtoka, "yule ni mwanangu."

"Na huyu wangu ni nani? Si wewe ndiye mjomba wake? Si wewe uliyenizuia nisimpeleke hospitali?"

Alinyoosha isale kwa mikono miwili, kama alivyowanyooshea watu wote siku zile. Na mimi, Mungu anisamehe, niliona mkono wangu umeshaanza kuinuka kulipokea. Ndivyo nilivyolelewa.

Mektrida akatoka ndani. Alikuwa amemimina mbegu zote kwenye ungo, na kopo alikuwa nalo mkononi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama."

Akamwekea kopo mapajani, akaligeuza ili ile namba nyekundu imtazame.

"Hili lilikuwa la Kalisti," akasema. "Mpelekee."

Kisha akarudi ndani kuchambua maharage. Mkono wangu nikaushusha. Kastori alikaa pale mpaka chai ikapoa, akainuka, akalitia isale ndani ya kopo, akaondoka navyo vyote viwili.