Simu za Watazamaji wa Minto

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa tai, nikaikuta ofisi nzima imevaa fulana. Ilikuwa ofisi ndogo ya televisheni katika eneo la viwanda la Minto, kusini-magharibi mwa Sydney, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi. Mkuu wa Ofisi, Mskoti aliyeitwa Murdo, aliitazama tai yangu akauliza, "Salim, nani kafa?" Nikamjibu kwamba mwenye stashahada huvaa inavyostahili. Akacheka. Tai sikuivua.

Naanza hivyo kwa sababu vijana wengi hapa Tanga hudhani kila aliyerudi kutoka ng'ambo alikuwa akiosha vyombo. Na mimi niliosha, miaka mitatu, katika mgahawa wa Bankstown. Lakini jioni nilisoma. Stashahada ya ufundi wa urushaji wa televisheni niliipata kwa alama za juu, bila mjomba wa kunishika mkono. Kati ya watu wa pwani waliokuwa Sydney wakati ule, sikumjua mwingine aliyekalia kiti kama changu.

Kiti chenyewe kilikuwa cha mwendesha mitambo ya urushaji. Mbele yangu palikuwa na skrini sita na orodha ya urushaji, yaani ratiba inayopanga kila kipindi na kila tangazo hadi sekunde. Makao makuu yalikuwa mjini, karibu na bandari. Picha zao zilitufikia kwa mkonga wa mawasiliano, nasi tukazipeleka kwenye mnara wetu. Ilipofika saa kumi na mbili jioni nilibonyeza kitufe, nikakata matangazo ya mjini na kuingiza yetu: nusu saa ya habari za Minto, Macquarie Fields na miji midogo iliyo mbele zaidi. Kitufe hicho sikukichelewesha hata siku moja.

Nusu saa hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwindwa. Mkurugenzi wa Vipindi, mama wa mjini aliyefika Minto mara mbili tu katika miaka yangu yote, alitaka kuifuta ili matangazo ya makao makuu yapite bila kukatwa. Sisi tulitaka iwe saa nzima. Zaidi ya hapo tulitaka gari la matangazo ya nje, ile studio ya kwenye lori inayobeba dishi lake. Lilikuwa moja tu, nalo liliegeshwa mjini.

Kiangazi kimoja moto ulishika pori nyuma ya nyumba za watu upande wetu. Tuliomba gari. Tukaambiwa liko bandarini, linapiga picha meli kubwa ya watalii ikiingia. Simu yangu ikalia. Alikuwa Mama Furaha, Mkongo wa Macquarie Fields, mtazamaji wetu wa kila siku.

"Papa Salim, moshi iko inaingia mpaka jikoni kwangu, na nyinyi munanionesha bateau!"

"Mama, gari halipo."

"Halipo? Mimi naiona hapa kwa televisheni, iko inakula hewa ya bahari! Andika hiyo. Andika jina yangu yote."

Niliandika. Katika ofisi ndogo kila mtu ana kazi mbili, na ya pili kwangu ilikuwa kupokea simu za watazamaji. Murdo alisoma maneno yale akajikuna kidevu.

"Nimezaliwa kisiwani," akasema. "Uskoti nzima ilipiga kelele kwamba London haituoni. Tukapata vipindi vyetu wenyewe. Unajua vilikuwa vinamwonyesha nani? Glasgow, jiji lao kubwa. Mvua ya Glasgow, mpira wa Glasgow, hata foleni ya magari ya Glasgow. Sisi visiwani hatuna hata taa ya barabarani. Nimekimbia hadi huku, na bado naangalia bandari ya mtu mwingine."

Mwaka uliofuata Mkurugenzi aliagiza ripoti ya simu zote za watazamaji kabla ya kuamua juu ya nusu saa yetu. Murdo akanikabidhi. Nilifurahi kama mtu aliyeitiwa tuzo. Niliwaambia watu kanisani na msikitini, Wakenya, Wakongo, Warundi, wapige simu waseme ukweli kuhusu upendeleo wa mjini. Walipiga. Wiki sita nilipokea simu na kujaza fomu kwenye kompyuta, kila neno mahali pake.

Fomu ile iliwekwa na makao makuu. Kila lalamiko lilitakiwa kuingia fungu moja: sauti, picha, lugha chafu, au kutoridhika na kipindi. Upendeleo wa mjini haukuwa na fungu. Kwa hiyo niliuweka kwenye kutoridhika na kipindi. Kisha fomu iliuliza ni kipindi gani kilichokuwa hewani. Namba yetu ya simu ilionekana chini ya skrini katika nusu saa yetu tu, na watu walipiga wakati huo. Nilijaza kwa uaminifu, kila mara jina la kipindi chetu. Murdo aliuliza mara moja, "Una hakika na mafungu haya?" Nikamwambia asimfundishe fundi kazi yake.

Mkurugenzi alikuja Minto, mara yake ya pili, akiwa na ripoti yangu iliyowekwa jalada.

"Kazi nzuri sana," akaniambia. "Safi kuliko ripoti zote nilizopata. Kumbe watu wa huku hawakipendi kabisa kipindi chao."

"Mama, hawa wanalalamikia mjini. Soma maneno yao."

"Bodi haisomi maneno, Salim. Inasoma jedwali."

Murdo aligonga meza, akabishana naye hadi sauti ikamkauka. Jedwali lilikuwa na sahihi yangu.

Jioni ya mwisho, nusu saa ilipokwisha, niliyarudisha matangazo ya mjini kwa wakati wake. Kesho yake saa kumi na mbili sikubonyeza kitu. Bandari iliendelea tu. Murdo aliacha kazi mwezi ule ule. Mama Furaha alipiga simu kwa namba aliyoihifadhi.

"Papa, wameiondoa. Lakini wewe ulituandika sote. Hakuna mtu mwingine aliyetuandika. Mungu akubariki."

Nilimshukuru. Sikumwambia.

Nilikaa pale hadi kustaafu, nikisimamia skrini sita zisizohitaji mtu, kisha nikarudi nyumbani. Nimejenga, sidaiwi na mtu, na vijana wa redio hapa mjini huja kuniuliza namna ya kupanga orodha ya urushaji. Nawafundisha vizuri, kuliko mtu yeyote mkoani. Mmoja aliniuliza iwapo nusu saa yetu ingebaki kama ningejaza fomu ile kwa njia nyingine. Nadhani wangeifuta tu, kwa karatasi nyingine. Lakini karatasi waliyoitumia kuifuta ni yangu.