Watoto Waliochanjwa Kabla ya Kuzaliwa

Saa mbili asubuhi Bi Tarehe anafungua dirisha la ofisi, anaweka kikombe cha chai mbali na nyaya na kuwasha kompyuta. Kwenye skrini kuna orodha ya watoto 214. Kwa mujibu wa kompyuta, wote walichanjwa kabla hawajazaliwa.

"Hapa kuna mtu anatudanganya," anasema, "na si hawa watoto."

Jina la Bi Tarehe alipewa na wenzake katika ofisi ya takwimu za afya, ambako huandika programu zinazosoma kumbukumbu za kliniki na kutoa ripoti. Ana miaka arobaini na mmoja. Alianza kama karani wa kuingiza data, akasomea takwimu jioni baada ya kazi. Hadi leo mkataba wake ni wa mwaka mmoja mmoja, na kodi ya vyumba viwili anamoishi na mama yake hula theluthi ya mshahara.

Watoto wote 214 wametoka zahanati moja. Programu iliwahesabu kuwa makosa, ikawatupa nje. Bila wao, zahanati hiyo inaonekana haichanji watoto wachanga, na tayari kuna pendekezo la kuhamishia huduma hiyo hospitali kubwa, upande wa pili wa mji. Kikao cha kuamua ni Alhamisi. Leo ni Jumanne.

Anapiga simu zahanati. Muuguzi wa chanjo anapokea, anasikiliza, anaguna.

"Yaani dada, mnasema nimewachanja wakiwa tumboni? Basi nipeni cheo, maana hata madaktari bingwa hawajafika huko."

"Cheo baadaye, dada yangu. Kwanza nisomee kadi moja kama ilivyo."

"Haya. Kuzaliwa, tarehe ishirini Machi, kwa kalamu. Chanjo, muhuri: Machi."

"Machi tarehe ngapi?"

"Muhuri wetu gurudumu la siku lilivunjika zamani. Unapiga mwezi na mwaka tu. Tuliomba mwingine, tukaambiwa tusubiri. Ndiyo tunasubiri."

Bi Tarehe anacheka hadi wenzake wanageuka.

Programu ile hudai tarehe kamili. Ikipewa Machi bila siku, kanuni ya ofisi huijazia siku ya kwanza ya mwezi. Mtoto aliyezaliwa tarehe ishirini na kuchanjwa kesho yake anageuka kuwa aliyechanjwa tarehe mosi, siku kumi na tisa kabla hajaja duniani.

"Kwa grafu ya mwaka mzima, siku ya kwanza inatosha kabisa," anasema msimamizi wake, mtakwimu aliyeiandika kanuni hiyo. "Kwa umri wa mtoto mchanga, haifai."

Wanavuta viti, wanakaa mbele ya skrini moja. Bi Tarehe anatengeneza safu mpya ambamo mwezi unabaki mwezi: programu inahesabu miezi kutoka mwezi mmoja uliochaguliwa kuwa mwanzo, bila kubuni siku. Kisha inalinganisha mwezi wa kuzaliwa na mwezi wa chanjo. Ikiwa ni mmoja, mtoto anabaki. Chanjo ikiwa ya mwezi uliotangulia, hilo ni kosa kweli.

"Na siku?" msimamizi anauliza.

"Hatuijui, bosi. Tuiache wazi."

"Wakubwa hawapendi nafasi wazi."

"Watazoea."

Anaiendesha programu. Watoto 208 wanarudi kwenye hesabu. Sita wanabaki nje.

"Hao siwalazimishi," anasema. "Nitakwenda kuziona kadi zao."

Alhamisi ripoti mpya ilisomwa na pendekezo likaondolewa. Akina mama wanaendelea kupeleka watoto wao wachanga kwenye zahanati ya jirani. Muhuri mpya bado haujafika.

Bi Tarehe ameomba, na amekubaliwa, kutembelea zahanati zote zinazoleta kumbukumbu kwake kabla ya kuandika programu ya mwakani. "Miaka yote hii nashughulika na tarehe za watu," anasema, "sijawahi kuona zinaandikwaje. Safari hii nitaanzia huko, ndipo nije kwenye kompyuta."

Juzi muuguzi alimtumia kwa simu picha ya kadi mpya. Muhuri unaonyesha mwezi na mwaka. Pembeni, siku imeandikwa kwa kalamu nyekundu, kubwa kuliko muhuri wenyewe.

Chini ya picha kulikuwa na ujumbe: "Huyu kazaliwa kwanza. Nimehakikisha mwenyewe."