Kwikwi kwenye Chumba cha Vioo

Kazini walimwita Shangazi, hata waliomzidi umri, kwa jinsi alivyokuwa mkali wa usafi. Ukipiga chafya karibu na vioo vyake, ulisindikizwa mlangoni kama mwizi wa kuku. Vilikuwa vioo vya darubini ya kwenda angani. Kioo kimoja kikubwa kisingeenea ndani ya roketi, kwa hiyo kilitengenezwa kwa vipande vya pembe sita, vikafungwa kimoja kimoja kwenye fremu inayokunjika. Shangazi ndiye aliyevielekeza kwa mikono mpaka vikae ubavu kwa ubavu bila kugusana.

Siku ya kipande cha mwisho alibugia mkate mkavu harakaharaka, akajifunika gubigubi kwa nguo za kazi, macho tu nje. Fundi wa winchi, jirani yake wa ghorofa ya chini, akaanza kushusha kipande taratibu. Kilipobakiza unene wa kidole, Shangazi akasema, "Hik."

"Nani huyo?" mhandisi mkuu akauliza kwenye spika.

"Ni... hik... mimi."

"Simamisha."

Kipande kikabaki kinaning'inia. Ushauri ukamiminika kutoka kwa mafundi wenzake: bana pua, hesabu kinyumenyume. Mmoja akapendekeza maji.

"Maji humu ndani? Una... hik... akili wewe?"

Fundi wa winchi akakohoa kidogo. "Shangazi, nilisahau kukwambia. Asubuhi nimepishana na wifi yako kwenye ngazi. Anahamia kwenu. Kaja na makochi."

Wifi huyo, hata akija kusalimia tu, hupanga upya vyombo vyote vya jikoni.

"Makochi mangapi?" Shangazi akauliza kwa sauti nyembamba.

"Seti nzima."

Wakasubiri. Kwikwi imekata.

"Haya, shusha," akasema, na mikono yake ikatulia tuli. Kipande kikaingia mahali pake, boliti zikakazwa. Kukilinganisha kabisa na vingine ilikuwa kazi ya mota zilizo nyuma yake, baadaye.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo alimkabili jirani yake. "Wifi yangu ulimwona kweli?"

"Hata sura yake siijui."

Shangazi akakaa kwenye benchi, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Hata hivyo akampigia mumewe simu.

"Dada yako yuko wapi?"

"Kwake. Kwani vipi?"

"Nilikuwa namsalimia tu. Mwambie asijisumbue kuja."