Mkate Uliovuliwa Maganda

Mume wangu alirudi kutoka Japani na mdomo mwingine. Miguu ilikuwa ileile, shati lilelile nililompigia pasi mwenyewe siku ya safari, lakini mdomo haukuwa wa kwangu tena. Siku aliyofika nilimpikia mtori. Ndizi zilikuwa zimetoka nyumbani Moshi kwa basi, nyama nimeihangaikia asubuhi nzima. Akaonja vijiko viwili vitatu, akasogeza bakuli pembeni taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, akaanza kunisimulia habari za mkate.

Yeye alikuwa fundi mitambo kwenye karakana moja pale mtaani Gerezani. Walimpeleka Japani nusu mwaka kujifunza mashine mpya. Basi huko, karibu na stesheni ya treni, kulikuwa na mama mmoja mwenye kiduka, anauza mkate mweupe wa vipande viwili, umevuliwa maganda yote, katikati umejazwa mayai ya kuchemsha yaliyopondwa na kuchanganywa na rojo jeupe. Mkate wenyewe mlaini unaweza kuulaza shavuni. Tukinywa chai, habari ni ya mkate ule. Tukitoka kanisani, mkate ule. Wageni wakija kumpa pole ya safari, hawajakalia mkeka vizuri wameshapata habari za maganda. Uani wakaanza kumwita Mjapani, naye badala ya kuudhika akawa anaitikia.

Ningevumilia. Wanaume wakisafiri hurudi na kitu, wengine hurudi na ugonjwa, wangu karudi na mkate, nashukuru Mungu. Lakini wiki ya pili, akiwa ameinama anapiga viatu vyake rangi, akaniambia kwamba kazini wamemchagua arudi tena kule. Safari hii ni miaka miwili. Familia haiendi. Amepewa mpaka Jumatatu atoe jibu, na kukataa anaruhusiwa.

Nilikuwa na watoto wawili, mdogo bado ananyonya. Nikamuuliza kule kuna nini hasa. Hakunitajia mshahara, hakunitajia cheo, hata ujuzi hakuutaja. Alikaa na brashi mkononi, akafikiri, akasema basi tu, kule vitu viko sawasawa, hata mkate wao ni mtamu.

Jamani, nilikasirika mpaka nikasahau kunyonyesha. Mtu mzima na akili zake aniachie watoto kwa ajili ya mkate! Kesho yake, nikiwa nafua nepi kwa hasira mpaka moja ikachanika, ndipo wazo likanijia. Kama kinachomvuta ni mkate, mkate nitautengeneza. Redio kila siku ilikuwa inatuimbia kujitegemea. Haya, nami nitajitegemea, tuone hicho cha Japani kisichoweza kupikwa Kariakoo. Jumapili atakula hapahapa kwake, na Jumatatu ataenda kusema hapana.

Nikajifanya namuuliza tu kwa kupitisha muda, rojo lile linatengenezwaje. Kumbe alikuwa amemchungulia yule mama jikoni kwake, kwa jicho la fundi. Akanieleza kama anaeleza mashine: kiini kibichi cha yai, chumvi, sukari kidogo, siki, halafu mafuta ya kula unayatia tone moja moja huku unapiga bila kusimama, kama unavyotia oili kwenye cherehani. Maelezo yakaishia hapo, akachukua kofia akaenda zake kucheza bao. Kunisaidia? Thubutu.

Kwanza mkate. Miaka ile ya kufunga mkanda, kila kitu kilikuwa kwa foleni, na duka la mkate lililokuwa mtaa wa pili kutoka Msimbazi lilipata mzigo wake alfajiri, na si kila siku. Nani angesimama gizani mpaka kuche? Watu walikuwa wanaweka mawe. Unaweka jiwe lako jioni, au tofali bovu, au kopo lililotoboka, au kandambili moja isiyo na mwenzake, na hilo ndilo wewe. Limesimama badala yako. Mtu angeweza kukuibia sufuria juu ya moto, lakini jiwe la foleni halikuguswa.

Alhamisi jioni nikaokota jiwe zuri uani, karibu na ukuta wa bafu, nikalipaka chokaa kidogo nilijue, nikaenda kulipanga. Lilikuwa mbele mbele, nikarudi nimetulia. Alfajiri nimemnyonyesha mtoto, nimejifunga kanga, nafika dukani: jiwe hakuna. Aliyekuwa mbele yangu yupo, wa nyuma yangu yupo, katikati wamesogeleana kama mimi sijawahi kuzaliwa. Nikalalamika. Wakaniambia mama, huna jiwe, huna nafasi. Nikasema jiwe langu lina chokaa, nani kalichukua? Bwana mmoja akauliza kama jiwe langu lina miguu, foleni nzima ikacheka. Nikaenda kukaa mkiani, na mkate ukaisha kabla mkia haujasogea.

Nilirudi nyumbani nikiwa natafuta wa kugombana naye. Kule uani nikamkuta jirani yangu wa chumba cha mbele, mama mmoja mtu wa Lindi, mjane, aliyekuwa akiishi kwa kupika wali wa nazi na maharage na kuwauzia mafundi wa Gerezani mchana. Sufuria lake kubwa lilikuwa linachemka juu ya mafiga, na figa moja kati ya yale matatu lilikuwa na chokaa.

Kabla sijafungua mdomo, yeye akaniwahi. "Shoga, mtaa huu umeingiliwa," akasema. "Figa langu limeibiwa humu ndani, unajua nimelikuta wapi? Dukani, limepanga foleni ya mkate."

Mimi mtu wa Moshi, kwetu jiko lilikuwa ndani, mawe yake hayatoki mahali pake. Ningejuaje kwamba jiwe lililolala peke yake ukutani ni la mtu, kwamba yeye kila jioni akimaliza kupika huyatawanya mafiga yake ili watoto wasiyagonge vidole? Naye angejuaje kwamba mwenye kuiba figa ni mimi? Nilitaka kucheka, kikatoka kilio. Nikalia pale mbele ya maharage ya watu, nikamweleza yote, ya mkate, ya Japani, ya Jumatatu.

Hakunibembeleza. Alichochea moto, akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, basi tuiname. Jioni ile alilitoa figa lake mwenyewe, akalibeba kichwani mpaka dukani, akalipanga. Siku ya pili alipika kwa mafiga mawili na tofali, sufuria limeegama upande, akawa anakwenda kulishikilia kila dakika. Nami nikapata mkate mmoja.

Mayai nilikwenda kuyatafuta sokoni Kariakoo. Muuzaji alikuwa anayainua juani mojamoja, anafumba jicho, ananiapia kwamba kuku wake wametaga jana. Nilipofika nyumbani nikayatia kwenye maji, nusu yakaelea. Viza! Nikarudi sokoni na yale yanayonuka kwenye kikapu, yule bwana ananiangalia kama hajawahi kuniona maishani. Tulifokeana mpaka wauza nyanya wakaacha biashara wakaja kuamua. Nikapewa mengine, na matusi juu. Siki hakuna, duka hili hakuna, lile mwenyewe anacheka. Nikaamua ndimu. Sukari nikaikomba kwenye ile ya mgao tuliyogawiwa na mjumbe wetu wa nyumba kumi, na mafuta nilikuwa nayo robo chupa, niliyokuwa nayaficha nyuma ya sanduku la nguo kwa ajili ya Krismasi.

Jumapili baada ya ibada, mume wangu akatoka. Nikakaa uani na bakuli. Nikavunja yai, nikatenga kiini, nikaanza kupiga kwa uma huku namimina mafuta. Mwanzo likakubali, likawa zito, likang'aa, moyo ukafurahi. Mtoto akalia. Nikageuka mara moja tu kumtazama, mkono ukamwaga mafuta mengi, na pale pale rojo likageuka maji maji, mafuta yakapanda juu na mabonge yakazama chini. Robo ya Krismasi yangu imekwenda hivyo. Nilitamani kulitupa bakuli lile ukutani.

"Limekatika," jirani akasema. Alikuwa amesimama nyuma yangu na mwiko.

Neno hilo kwao Pwani ni la tui la nazi. Tui ukiliacha lichemke bila kulikoroga linakatika, mafuta huku, maji kule, na mchuzi umeharibika. Akaniambia hili rojo lako la Kijapani ni tui tu, linataka tabia zilezile: koroga upande mmoja, usiache, usiwe na haraka, na ukiwa na mawazo usilikaribie kabisa. Akanivunjia kiini kingine kwenye bakuli safi, akamchukua mwanangu akamfunga mgongoni, akawa anamimina yeye lile lililokatika, tone tone, mimi napiga. Mkono ulikufa ganzi. Likarudi. Jeupe, zito, limesimama kwenye uma.

Nikaponda mayai, nikachanganya, nikaukata mkate. Halafu nikashika kisu nianze kuvua maganda, na hapo shoga yangu akanishika mkono. Mkate tumeupigania kwa figa langu, akasema, leo unauvua nguo mbele yangu? Nikamwambia ndivyo wanavyokula wenyewe. Akaguna. Kila ganda lililoanguka alilikinga kwenye ukingo wa kanga yake, akayafunga fundo.

Mume wangu alirudi jua likielekea kuzama. Nikamwekea sahani mbele, nikaifunika na kawa kama tunavyomwekea mgeni, nikakaa pembeni na mtoto. Akafunua. Alitazama kwanza, akaugusa pembeni kwa kidole pale ganda lilipokuwa. Akauma. Akaacha kutafuna.

"Ndio wenyewe," akasema.

Akala kipande cha pili, na cha tatu, macho yamemjaa maji, na katikati ya kutafuna ananisimulia stesheni ile, mvua ilivyokuwa inanyesha, watu walivyokuwa wanapita kimya kimya na miavuli. Mimi sikuwa nasikiliza stesheni. Nilikuwa nasikiliza ushindi wangu. Niliona Jumatatu imekwisha kabla haijafika. Alipomaliza alilamba kidole, kitu ambacho tangu arudi hakuwa amekifanya kwa chakula changu chochote, nikamwangalia nikasema moyoni, haya, Japani na ije imchukue sasa.

Siku ya pili alirudi kutoka kazini mapema. Watoto wakamwamkia, akaitikia marahaba, akaketi kitandani bila kuvua viatu. Nikajua.

"Nimekubali," akasema. "Nisikufiche, mama watoto, nilikuwa nakwenda kukataa. Nilishaanza kudhani kule nilikuwa na njaa tu, ndiyo maana kila kitu kilikuwa kitamu. Mpaka jana nilipoonja. Kumbe sikuota."

Kama ningeuharibu tu mkate ule. Kama lile rojo ningeliacha likae lilivyokatika, nikampakia mabonge kwenye mkate wenye maganda, angekula, angekunja uso, angesema siyo huu, na angelala palepale miaka yake yote akilalamika, nami ningemsikia akilalamika. Mikono yangu mwenyewe ndiyo iliyompakilia sanduku. Mpaka leo nikikumbuka nachukia.

Nikatoka uani. Jirani alinitazama usoni. Alifungua lile fundo la kanga, maganda yalikuwa yamekauka, akayamwaga kwenye sinia na kutia chai ya rangi vikombe viwili. Tukayachovya, tukala. Yalikuwa matamu, siwezi kusema uongo.

Aliondoka. Mwaka wa kwanza barua zilikuja, na picha, yeye na koti kubwa mbele ya maua. Mwaka wa pili ikaja moja ya kuuliza watoto wamefika darasa la ngapi, wakati mdogo hata shule hajaanza. Baada ya hapo, kila nilipokwenda posta kufungua sanduku nilikuta vumbi. Miaka ile miwili ilipita, ikapita na mingine, na karakana ikaacha kuniambia atarudi lini.

Siku moja nilirudi kutoka posta mikono mitupu, nikakuta jirani amekaa mbele ya moto, anakoroga tui. Hakuacha kukoroga, maana angeacha lingeharibika. Aliniangalia tu, mkono ukiendelea kuzunguka upande mmoja.

"Zimekatika?" akaniuliza.

Nikamwambia zimekatika. Akamaliza kukoroga, akaepua sufuria, akamwagia maji figa moja mpaka likapoa, akanikabidhi. Akaniambia niwahi kulipanga, kesho kuna mkate.