Soli Zilizobaki Nzima

Fundi wa viatu hakuwa na desturi ya kumtazama mtu usoni. Aligeuza kiatu, akapitisha kidole gumba juu ya soli, akajua nani anachechemea na nani alibeba mtoto mgongoni. Sehemu kubwa ya safari ya miguu, kutoka kaburi la sheikh walilozuru hadi visima vya Wajir, aliwatilia wenzake viraka vya ngozi ya ngamia, sindano ikiwa mdomoni.

Siku ya kuwasili mbuzi walichinjwa, na Alio, mcheshi wa msafara, akainua viatu vya fundi mwenyewe, vipya kama vya dukani. "Oneni! Fyetu fimekufa, fyake bado fibya! Wallahi, hii baraka!" Vikapita mkono kwa mkono, kila mtu akigusisha soli kwenye paji la uso. Fundi aliendelea kulamba uzi usiokuwa na kazi. Vilipomfikia Jawahir, ajuza mwenye visigino vilivyopasuka, fundi alimwinamia.

"Eedo, shangazi yangu, siku ile nilisema natangulia kutafuta ngozi, sikutembea. Nilibanda lori toka Bute, nikaketi juu ya mizigo."

"Najua, mwanangu," ajuza akanong'ona. "Fumbi la lori hilo nilikula mimi."

Akakigusisha kiatu kwenye paji lake, akampa aliyefuata.