Ufunguo Mmoja Uliobaki: Maisha ya Dada Edah Kerubo

Alizaliwa mwaka 1938 huko Nyaribari, katika vilima vya Kisii, mtoto wa tano wa Mzee Ombati na mkewe Moraa, wakulima wa wimbi na ndizi ambao hawakujua kusoma. Siku hiyo mvua ya mawe iliangusha migomba yote ya baba yake, na bibi yake akasema, "Huyu amekuja siku ya hasara, atazoea." Alizoea. Akiwa na miaka kumi na saba alisimama mbele ya mkutano wa watu waliookoka, akaungama kwamba aliiba sabuni ya mwalimu, akakirudisha kipande kilichobaki, na tangu siku hiyo hakuiacha imani. Ndugu wale walikuwa na desturi ambayo msomaji hana budi kuijua. Mmoja akisema, "Bwana asifiwe," mwenzake huitika, "Amina." Anayeitikiwa yumo katika ushirika. Asiyeitikiwa ametolewa nje, hata kama ameketi nao benchi moja.

Mwaka 1967, baada ya kuwatumikia wagonjwa miaka tisa katika hospitali ya misheni, alipata nafasi ya kusomea unesi Uingereza, akafika Birmingham mwezi wa Novemba akiwa amevaa viatu vya wazi. Alipofaulu mtihani alipewa wodi ya vikongwe, wodi ambayo wengine waliikimbia. Bibi mmoja Mwingereza alimwambia, "Usiniguse kwa mikono hiyo." Edah alikwenda kunawa, akarudi. "Bado ni myeusi," bibi akasema. "Ndiyo, mama," akajibu Edah, "ila sasa ina joto." Bibi alikubali kugeuzwa ubavu. Hakushukuru, wala siku ya kufa kwake hakushukuru, na Edah ndiye aliyemfumba macho.

Alipanga chumba cha juu katika nyumba moja ya Balsall Heath. Siku za Jumapili alipanda basi kwenda Small Heath, ambako waumini kumi na wanne kutoka Kenya walikusanyika sebuleni kwa Ndugu Walter Otieno, kondakta wa mabasi. Huko alimpata rafiki, Magdalene Njoroge, aliyeosha vyombo jikoni mwa hospitali. Magdalene alipopatwa na ugonjwa wa sukari mwaka 1970 na kuogopa sindano, Edah alimfundisha kwa kudunga chungwa. Walidunga machungwa wiki nzima, na jioni wakayala, wakicheka.

Ndugu Walter alikuwa mtu mchangamfu aliyependwa. Mlangoni aliwaambia waumini, "Tiketi zenu tafadhali," nao humwonyesha Biblia zao. Alikuwa pia na daftari la mahesabu. Katika mwaka 1973 aliona vita katika nchi za Biblia, akaona mafuta ya magari yanaadimika na taa za barabarani zinapunguzwa, akahesabu. Kenya ilipata Uhuru tarehe kumi na mbili Desemba 1963. Miaka kumi ya Uhuru, alifundisha, ni taa kumi za wale wanawali kumi waliomngoja Bwana arusi. Mwaka wa kumi ukitimia, mlango utafungwa. Bwana angekuja tarehe kumi na mbili Desemba 1973, siku ya Jumatano, kabla ya jua kutua. Tulikuwa watu tuliotukanwa kazini na kwenye mabasi, na vyumba vyetu vilikuwa na ukungu ukutani. Tulitaka sana iwe kweli.

Asidhani mtu kwamba Edah hakuamini kurudi kwa Bwana. Aliamini kuliko wote. Kila asubuhi alifungua pazia, akatazama mawingu ya Birmingham na kusema, "Labda leo." Kwa sababu hiyo hakuona haja ya tarehe.

Jumapili ya mwisho, tarehe tisa, Ndugu Walter aliweka karai la bati juu ya meza. Kila mmoja ila Edah alikuwa amekwisha kumwarifu mwenye nyumba kwamba anahama, na wengi walikuwa wameacha kazi na kugawa makoti na blanketi. Sasa walitakiwa kuacha milango ya vyumba vyao bila kufungwa na kuweka funguo karaini, zikatupwe katika mfereji wa mashua nyuma ya kiwanda, ili mtu yeyote asigeuke nyuma kama mke wa Lutu. Funguo kumi na tatu zililia ndani ya bati. Edah hakuweka wake.

"Dada Edah, tiketi yako," alisema Ndugu Walter, na watu wakacheka.

"Jumatano niko zamu, ndugu."

"Zamu! Bwana anakuja mawinguni, wewe unabadilisha mashuka?"

"Kuna vikongwe ishirini na wawili. Akija atanikuta namgeuza mmoja wao ubavu. Njia ya wodini anaijua."

"Na ufunguo?"

"Nitauhitaji Jumatano jioni," akasema, "na huenda nanyi mtauhitaji."

Hapo kicheko kiliisha. Ndugu Walter alifunga daftari. Edah alisimama, akavaa koti lake, na mlangoni akasema, "Bwana asifiwe." Watu kumi na watatu walikaza macho kwenye karai. Hakuna aliyeitika.

Alimngoja Magdalene kwenye kituo cha basi, Coventry Road, karibu saa nzima katika baridi. Hakumwuliza kwa nini hakuitika. Alisema, "Magda, sindano unachoma?" Magdalene alijibu kwamba asubuhi ile amevunja bomba la sindano na kumimina dawa chooni, kwa kuwa mwili mpya hautakuwa na sukari. Edah alimshika mikono yote miwili. "Nakusihi. Unitenge, unitukane, lakini chukua dawa. Kama Bwana akija atakukuta umechoma, je, atakukasirikia?" Magdalene alijinasua na kupanda basi. Katika siku zile tatu Edah alikwenda mara tatu kugonga mlango wake, akafukuzwa mara tatu kwa kupitia dirishani.

Katika chumba cha chini cha nyumba yake aliishi Bi Jasumati, Mgujarati aliyefukuzwa Uganda mwaka uliotangulia pamoja na mumewe, akaja na masanduku mawili na Kiswahili chake cha dukani. Edah alimpa ufunguo na kumweleza habari yote. Bi Jasumati alisikiliza huku akipepeta mchele.

"Sisi tulipewa siku tisini, dada," akasema. "Hao wamejipa wenyewe?"

"Wamejipa."

"Na hao ndio hawakuamkii?"

"Hao hao. Wakija, wafungulie. Unga uko chini ya kitanda."

"Wewe mjinga kabisa," alisema Bi Jasumati, akaufunga ufunguo kwenye pindo la sari yake.

Jumatano ilipofika, watu kumi na watatu walisimama katika bustani ya Small Heath tangu asubuhi, wamevaa nguo nyeupe, bila makoti. Waliimba hadi midomo ikafa ganzi. Mzee mmoja Mwingereza aliyekuwa akitembeza mbwa aliwauliza, "Mnangoja basi? Hapa halipiti." Ndugu Walter, aliyejua mabasi yote ya mji ule, aliendelea kutazama mawingu. Karibu saa kumi jioni jua lilitua nyuma ya mabomba ya viwanda, jekundu na dogo, kama linavyotua siku zote za Desemba. Hawakuimba tena. Magdalene, aliyekuwa anatapika tangu adhuhuri na kuhema kwa nguvu, alianguka juu ya majani. Ndipo mtu mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Edah ana ufunguo."

Walimbeba hadi Balsall Heath. Bi Jasumati alifungua bila kuuliza neno, akamtuma mumewe mbio hadi hospitali. Edah alikuja pamoja na gari la wagonjwa, akiwa bado na aproni. Alipiga magoti kwenye ngazi, akanusa pumzi ya rafiki yake, akamwambia daktari aliyefuatana naye kwamba ni sukari, na tangu lini hajachoma sindano, na kwa neno hilo Magdalene alipona. Wengine kumi na wawili walilala sakafuni kwake usiku ule na siku nane zilizofuata, kwa kuwa vyumba vyao vilikuwa vimepewa wapangaji wengine. Walikunywa uji wa unga wa bajra, yaani uwele, kutoka mfuko mmoja, na ajabu ya kwanza inayokumbukwa ni kwamba mfuko ule haukuisha. Bi Jasumati akiulizwa huangalia pembeni. Na kila asubuhi, alipotoka kwenda kazini akiruka miguu yao, Edah alisema, "Bwana asifiwe." Walikuwa na uji wake midomoni, na hawakuitika.

Maana siku ya tatu Ndugu Walter alikuwa amepata jibu. Hesabu haikukosea, alisema. Idadi ndiyo iliyopungua. Funguo kumi na nne zilitakiwa, zikatolewa kumi na tatu. Bwana alikuwa amefika mlangoni, na ufunguo mmoja uliobaki ukamrudisha. Neno hilo lilipokelewa kwa furaha kubwa, kwa kuwa lilituondolea aibu yote. Magdalene alipotoka hospitalini alikwenda Balsall Heath, akasimama mbele ya Edah na kusema, "Ungeutoa ufunguo wako, leo nisingekuwa na mwili huu mgonjwa. Umetunyima mbingu." Edah alimjibu, "Umechoma sindano leo?" Aliyesema maneno hayo ya kikatili ndiye mimi ninayeandika haya. Ninayaungama hapa kwa kuwa yeye hayupo kuyasikia.

Aliishi miaka mitano zaidi. Kila Jumapili alikuja Small Heath, akaketi benchi ya nyuma, akasalimu asiitikiwe, akarudi kwa basi. Ajabu ya pili wanaisimulia manesi wa wodi yake: wagonjwa walioogopa kufa waliomba wapewe kitanda kilicho karibu na meza yake, na wengi walikufa wametulia. Mwaka 1978 saratani ilimpata. Nilikwenda kumwona mara moja, nikasimama mlangoni mwa wodi. Alisema, "Bwana asifiwe, Magda." Nilikuwa na neno moja tu la kusema, la silabi tatu. Nikamwuliza kama maumivu yamepungua. Alifariki tarehe nne Februari 1979, asubuhi, akiwa ameomba pazia lifunguliwe.

Kaburini tulikuwa watu watatu: Bi Jasumati, mumewe, na mimi. Udongo ulikuwa umeganda, wachimbaji walitaka kuondoka. Hapo ndipo nilipoitika. Nilisema "Amina" mpaka mume wa Bi Jasumati akanishika bega, na kila moja ilikuwa imechelewa. Bi Jasumati alifungua pindo la sari yake, akanipa ufunguo. "Alisema uwe wako. Alisema hao watu watahesabu tena."

Wamehesabu tena. Ndugu Walter ametangaza siku mpya, tarehe kumi na mbili Desemba ya mwaka huu, na Jumapili iliyopita karai lilikuwa mezani. Sikuweka kitu. Niliposalimu mlangoni hawakuitika, na kwa mara ya kwanza nilijua uzito aliobeba yeye miaka mitano bila kunung'unika. Mimi nimenung'unika njia nzima hadi Balsall Heath, katika chumba chake ninachokipanga mimi sasa.

Ninyi mnaosoma, msiulize siku. Mfuateni Dada Edah: fungueni pazia asubuhi, mngojeeni Bwana kwa moyo wote, kisha mwende kazini, na wanaowachukia wawe na mahali pa kulala wakirudi kutoka bustanini. Mimi sina moyo wake. Lakini sindano yangu ya leo nimechoma, ufunguo nimeuacha tena kwa Bi Jasumati, na unga nimekwisha kununua.